Cheti Bila Heshima: Askari wa Brownsville na Ombi la Kurekebishiwa Kumbukumbu za Utumishi, 1906–1974

Mnamo Novemba 1906 Rais Theodore Roosevelt wa Marekani aliamuru askari Weusi 167 wa Batalioni ya Kwanza, Rejimenti ya 25 ya Askari wa Miguu, waachishwe jeshi bila heshima. Hapakuwa na shtaka wala kesi, na hakuna hata mmoja aliyetajwa kwa jina kuwa alifanya kosa fulani. Miaka 66 baadaye, Septemba 1972, Waziri wa Jeshi la Nchi Kavu, Robert Froehlke, aliamuru kumbukumbu za watu hao zibadilishwe, ionekane kwamba waliondoka jeshini kwa heshima. Safari hii pia hapakuwa na kesi. Makala haya yanachunguza matukio hayo mawili kwa pamoja. Hoja yake ni kwamba njia iliyotumika kuwafukuza ndiyo iliyotumika kuwasafisha, na kwa sababu hiyo usafi walioupata ulibaki na upungufu uleule uliokuwamo katika adhabu yao: hakuna chombo chochote kilichowahi kutamka kwamba hawakuwa na hatia.

Tafiti nyingi zilizoandikwa kuhusu mkasa huu zimeshughulikia swali la nani alifyatua risasi, au zimeutazama kama tukio la siasa za Roosevelt na wapiga kura Weusi. Kitabu cha John D. Weaver cha mwaka 1970 na kile cha Ann J. Lane cha mwaka 1971 vimefanya kazi hiyo kwa kina, na sina nia ya kuirudia. Ninachokitazama mimi ni karatasi yenyewe, yaani cheti anachopewa askari siku anayoondoka, na jitihada za mwenye cheti kuomba maneno yaliyoandikwa humo yabadilishwe.

Neno linahitaji kufafanuliwa kwanza. Kiswahili cha kawaida humsema askari kuwa amestaafu, ameachishwa au amefukuzwa, na vitenzi hivyo vitatu havilingani na madaraja ya jeshi la Marekani la wakati ule. Kulikuwa na kuachishwa kwa heshima. Kulikuwa na kuvuliwa heshima, jambo lililowezekana tu kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi. Katikati ya hayo mawili palikuwa na kuachishwa “bila heshima”, ambako hakukuhitaji mahakama. Amri ya mkubwa ilitosha. Msomaji atambue kwamba “kuvuliwa” na “kukosa” si jambo moja. Anayevuliwa heshima huwa amesikilizwa na kuhukumiwa. Anayeandikiwa kwamba hana heshima hupewa tu karatasi na kuonyeshwa lango. Daraja hili la katikati ndilo kiini cha makala haya.

Usiku wa Agosti 13

Kombania B, C na D za batalioni hiyo ziliwasili Fort Brown, katika mji wa Brownsville, Texas, mwishoni mwa Julai 1906 zikitokea Fort Niobrara, Nebraska. Mji huo uko mpakani, ng'ambo ya mto kutoka Matamoros ya Meksiko. Wakazi wake Wazungu hawakutaka askari Weusi, na walilisema hilo waziwazi kabla hawajafika. Katika muda wa majuma mawili askari kadhaa walipigwa au kusukumwa barabarani. Agosti 12 ilivuma habari kwamba mwanamke wa Kizungu alishambuliwa na askari. Kesho yake kamanda wa batalioni, Meja Charles Penrose, aliamuru askari wote wawe kambini jioni.

Karibu na usiku wa manane kuamkia Agosti 14, kundi la watu lilifyatua risasi mitaani kwa muda wa dakika kama kumi. Mhudumu wa baa, Frank Natus, aliuawa, na ofisa mmoja wa polisi alijeruhiwa mkono, ukakatwa baadaye. Maofisa wa batalioni, wote Wazungu, waliita majina usiku huohuo, wakawakuta askari wao kambini. Bunduki zilikaguliwa na kuonekana safi. Kulipopambazuka, raia walileta maganda ya risasi za bunduki ya Springfield ya jeshi waliyoyaokota barabarani, na kuanzia hapo uchunguzi ulielekea upande mmoja tu.

Maganda hayo yanastahili kutazamwa kidogo, kwa kuwa yalikuwa sehemu muhimu ya ushahidi wa vitu. Uchunguzi wa hadubini ulionyesha kwamba yalitoka katika bunduki nne za Kombania B. Seneta Joseph Foraker wa Ohio alionyesha baadaye kwamba mojawapo ya bunduki hizo ilikuwa imefungiwa ghalani usiku ule. Alieleza pia kwamba maganda yaliyotumika katika mazoezi ya shabaha Nebraska yalisafirishwa pamoja na mizigo ya kombania, na kwamba sanduku lake lilikaa wazi barazani mwa bweni, ambapo yeyote angeweza kuchota. Mtafiti hawezi kudai kwamba hoja hiyo inathibitisha hila ya wenyeji. Inatosha kusema kwamba ushahidi wa namna hiyo, mbele ya mahakama yenye wakili wa utetezi, ungepata shida kubwa kusimama.

Na kwa kweli mbele ya raia haukusimama. Askari 12 walikamatwa kwa msukumo wa Kapteni William McDonald wa Texas Rangers, lakini jopo la raia wa wilaya hiyohiyo, lililokuwa na kazi ya kupima kama pana sababu ya kufungua mashtaka, halikuona sababu ya kumshtaki hata mmoja. Hivyo hadi kufikia Oktoba 1906 sheria ya kiraia ilikuwa imeshindwa kumtaja mkosaji, na sheria ya kijeshi haikuwa imejaribu.

Ukimya kuwa kosa

Roosevelt alimtuma Inspekta Jenerali wa jeshi, Ernest Garlington, akawahoji askari huko San Antonio na Fort Reno, Oklahoma, walikohamishiwa. Garlington aliwaambia kwamba wasipowataja waliofyatua, wote wataondolewa. Kila mmoja alijibu kwamba hajui. Garlington hakuyachukua majibu hayo kuwa dalili kwamba hawakujua. Aliyachukua kuwa ushahidi wa njama ya kunyamaza, akapendekeza waachishwe wote. Ugumu wa mantiki hii uko wazi: asiyejua na anayeficha hutoa jibu lilelile, na mhojaji aliyekwisha kuamua hana njia ya kuwatofautisha. Mtu aliyelala usiku mzima hakuwa na cha kusema kingemwokoa, isipokuwa kumsingizia mwenzake.

Amri ilitiwa saini Novemba 5 na kutangazwa baada ya uchaguzi wa Kongresi wa Novemba 6 kwisha kufanyika. Wachambuzi wengi wameona hapo hesabu za kura, na sioni sababu ya kuwapinga. Amri iliwazuia askari wote 167 kurudi katika jeshi la nchi kavu au la majini, na kuajiriwa katika kazi yoyote ya serikali. Miongoni mwao alikuwamo Mingo Sanders, sajini mkuu wa Kombania B, aliyekuwa na miaka 26 ya utumishi, aliyepigana Cuba na Ufilipino na ambaye pensheni yake ilikuwa imekaribia. Alikuwamo pia Dorsie Willis wa Kombania D, kijana wa miaka 20 kutoka Mississippi, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka miwili jeshini.

Mwanaharakati Mary Church Terrell alikwenda kwa Waziri wa Vita, William Howard Taft, kumwomba asimamishe utekelezaji hadi Roosevelt, aliyekuwa safarini Panama, apate kusikia upande wa pili. Taft aliusimamisha kwa siku chache. Rais hakubadili uamuzi, na watu wakaondolewa.

Katika ujumbe wake kwa Seneti mwezi Desemba 1906, Roosevelt alitoa hoja ambayo, kwa maoni yangu, ni muhimu kuliko zote katika mkasa huu, ingawa kwa kawaida hupitiwa haraka. Alisema kuachishwa huko hakukuwa adhabu. Kama ingekuwa adhabu, alisema, ingekuwa ndogo mno kwa kosa la mauaji. Alichofanya, kwa maelezo yake, ni kuvunja mkataba wa ajira na watu ambao jeshi haliwezi kuwaamini tena. Hoja hii ilifanya kazi mbili. Iliondoa haja ya kesi, kwa kuwa kesi ni ya mtu anayeadhibiwa. Na ilifunga njia ya rufaa, kwa kuwa hakuna anayeweza kukata rufaa dhidi ya hukumu ambayo haikutolewa. Mwezi uliofuata alilazimika kufuta kipengele kilichozuia ajira za serikali, baada ya kuona kuwa hakikuwa na msingi wa kisheria. Kipengele hicho kilifanana mno na adhabu.

Kuomba kwa nani?

Ombi la kusafishwa lilianza mara moja. Sanders aliomba kurudi jeshini, akakataliwa. Foraker alilipeleka suala Seneti, na Kamati ya Mambo ya Kijeshi ikasikiliza ushahidi kuanzia 1907. Machi 1908 wajumbe tisa walikubaliana na Rais kwamba wafyatuaji walitoka katika batalioni, wanne hawakukubali. Kutokana na mgawanyiko huo ilizuka mivutano juu ya namna ya kuwarudisha walau baadhi ya askari. Foraker alitaka kila askari atakayeapa kwamba hakushiriki wala hajui aliyeshiriki aruhusiwe kurudi. Upande wa Rais ulitaka arudi yule tu ambaye Rais mwenyewe ataridhika kuwa hana hatia.

Tofauti ya mapendekezo hayo mawili inaonekana ndogo, ila ndiyo kiini cha historia yote ya maombi ya namna hii hadi leo. Katika pendekezo la kwanza neno la askari linatosha mpaka serikali ithibitishe kinyume chake. Katika la pili, askari ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba jambo halikutokea. Wakati huohuo serikali iliwalipa wapelelezi binafsi wakawafuate askari hao majumbani kwao, Kusini. Mmoja wa wapelelezi alidai kwamba Boyd Conyers, wa mji wa Monroe, Georgia, alikiri. Conyers alikana. Hakuna kilichopatikana.

Machi 1909 Kongresi iliruhusu iundwe mahakama ya uchunguzi ya majenerali. Mwaka 1910 mahakama hiyo ilisema askari 14 wanastahili kurudi. Haikueleza ni kwa nini hao 14 na si wengine. Maswali waliyoulizwa, majibu waliyotoa na ushahidi uliowahusu haukutofautiana kwa namna inayoweza kumsaidia msomaji wa leo kuona mpaka uko wapi. Kwa 153 waliobaki, uamuzi huo ulikuwa mbaya kuliko kimya: sasa ilionekana kana kwamba wamesikilizwa. Foraker, aliyekwishapoteza kiti chake cha Seneti, hakuwa na nafasi ya kuendelea.

Mwaka 1916 jeshi liliacha kutumia daraja la “bila heshima” na kuanzisha cheti kilichochapwa kwenye karatasi ya buluu, ambacho hakikusema kuwa mtu ana heshima wala hana. Jina lilibadilika, lakini desturi ya kumwondoa askari bila kesi ilibaki. Kati ya Desemba 1941 na Juni 1945 vyeti vya buluu zaidi ya 48,000 vilitolewa. Zaidi ya asilimia 22 vilikwenda kwa Wamarekani Weusi, waliokuwa asilimia 6.5 tu ya jeshi. Vingi vingine walipewa askari walioshukiwa kuwa mashoga. Gazeti la Pittsburgh Courier lilifanya kampeni dhidi ya vyeti hivyo mwaka 1945, na vikakomeshwa mwaka 1947.

Kwa upande mwingine, sheria ya mafao ya askari ya Juni 1944 iliweka kwa mara ya kwanza bodi za kupitia upya vyeti vya kuachishwa, na sheria ya mwaka 1946 ikaongeza bodi za kusahihisha kumbukumbu za kijeshi. Kabla ya hapo, askari aliyetaka cheti chake kibadilishwe alihitaji kupata mbunge wa kupeleka mswada kwa jina lake. Wabunge walichoshwa na miswada hiyo, na hilo lilichangia kuundwa kwa bodi. Bodi hizi zilianza na dhana kwamba maofisa wa serikali walitekeleza wajibu wao ipasavyo, na kwamba mwombaji ndiye anayepaswa kuonyesha vinginevyo. Pendekezo lililomshinda Foraker mwaka 1908 liligeuka kuwa kanuni ya kudumu. Ni kweli kwamba masharti yamelegezwa kwa makundi fulani. Mwaka 2014 Wizara ya Ulinzi ilielekeza bodi ziwafikirie kwa huruma zaidi askari waliopata athari za kiakili za vita, wakiwamo wale wa Vietnam, na mwaka 2017 ikafafanua zaidi maelekezo hayo. Hata hivyo mzigo haujahamishwa. Umepunguzwa uzito tu.

Waliobaki

Marekebisho ya 1972 hayakutokana na ombi la askari mbele ya bodi. Yalitokana na kitabu na mbunge. Baada ya kitabu cha Weaver kutoka, Augustus Hawkins, mbunge Mweusi wa Los Angeles, aliwasilisha mswada mwaka 1971 akiitaka Wizara ya Ulinzi ibadilishe vyeti. Jeshi lilitangulia kuchukua hatua kabla mswada haujapita. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba kuadhibu kundi zima kwa kosa la wachache ni jambo ambalo jeshi haliruhusu tena. Sababu hiyo inafaa kusomwa polepole. Inakubali kwamba ilikuwa adhabu, jambo ambalo Roosevelt alilikana. Lakini inapinga ukubwa wa adhabu tu, bila kusema kwamba kosa halikuthibitishwa. Kwa kusema “kundi zima” inaacha nafasi kwamba wachache miongoni mwao walifyatua. Na malimbikizo ya mishahara hayakulipwa.

Kulinganisha na mkasa mwingine kunasaidia. Agosti 1917 askari wa Rejimenti ya 24, nao Weusi, walihusika katika mapigano ya silaha mjini Houston, pia Texas. Hao walipelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. 110 walitiwa hatiani na 19 wakanyongwa. Kesi zilikuwa za haraka na zenye kasoro kubwa, ila ziliacha majalada. Novemba 2023 jeshi lilizifuta hukumu zote 110 kwa kuwa kesi hazikuwa za haki, likaagiza kumbukumbu zao zisomeke kuwa walitumikia kwa heshima. Hukumu mbovu inaweza kutenguliwa kwa sababu ipo. Askari wa Brownsville hawakunyongwa, na hakuna anayeweza kusema walitendewa vibaya kuliko wenzao wa Houston. Lakini kwao hapakuwa na hukumu ya kutengua. Palikuwa na amri tu, na amri hubadilishwa kwa amri.

Dorsie Willis alikuwa hai. Alihamia Minneapolis mwaka 1913 na kwa miaka 59 alifanya kazi katika kinyozi cha jengo la Northwestern Bank, akifagia na kung'arisha viatu vya wateja. Tarehe 11 Februari 1973, siku aliyotimiza miaka 87, jeshi lilimkabidhi cheti cha kuachishwa kwa heshima katika kanisa la Zion Baptist mjini humo. Desemba mwaka huo ilipitishwa sheria ya kumlipa manusura dola 25,000, na mjane ambaye hakuolewa tena dola 10,000. Fedha zake alizipokea Januari 1974. Alifariki mwaka 1977 na kuzikwa katika makaburi ya kitaifa ya Fort Snelling, mahali ambapo cheti chake cha mwanzo kisingemruhusu.

Mtu anaweza kugawanya dola 25,000 kwa miaka 67 na kupata kiasi kisichofika dola 375 kwa mwaka. Hesabu hiyo si sahihi sana kitaaluma, kwa kuwa thamani ya dola haikukaa mahali pamoja, na sheria yenyewe haikudai kufidia mishahara. Naitaja kwa sababu inaonyesha sheria ilichokuwa ikilipia. Haikulipia pensheni ambayo Willis angeipata, wala kazi ambazo cheti kile kilimnyima. Ililipa kwa kuwa alikuwa hai. Sanders, ambaye miaka yake 26 ndiyo ingestahili hesabu ndefu kuliko zote, alikuwa amekwishafariki kitambo, na kumbukumbu yake ilibadilishwa pamoja na za wengine kwa amri ileile moja, kama ilivyoharibiwa. Katika orodha ya 1906 majina yao yaliandikwa kwa kufuata kombania. Mwaka 1972 orodha ilikuwa ileile, na hakuna aliyeulizwa, wala safari hii hapakuwa na wengi wa kuulizwa, usiku ule alikuwa wapi.